Samaki Wasishtuke

Kofi la kwanza la mwezi ule lilikuwa la mlango. Bawaba zilikuwa zimelegea, na upepo wa asubuhi ukausukuma mlango ukajibamiza kabla mke hajaudaka. Maji ndani ya tangi jipya yakatikisika kidogo. Mume aliyekuwa amechuchumaa kando ya tangi akaweka bisibisi yake chini, akaipanga sambamba na zile nyingine, akavuka chumba bila haraka na kumzaba mkewe kofi lililomrudisha ukutani.

"Nimekwambia mara ngapi?" akauliza. "Mtikisiko unawashtua."

Wakati huo ndani ya tangi hapakuwa na samaki hata mmoja. Palikuwa na maji, mchanga na pampu basi. Mwanamke alipigwa kwa ajili ya samaki ambao walikuwa bado hawajanunuliwa. Ukitaka kumjua mwanamume huyu, anzia hapo, wala usijisumbue kumtafutia udhuru.

Mtaani walimwita Gramu. Alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani, buchani na kwenye mashine za kusaga, akikagua mizani za watu kwa vijiwe vyake vya shaba ambavyo alivitunza kwenye kisanduku, kila kimoja na kitundu chake. Hakunywa, hakuchelewa, hakumpunja mtu, na sifa zilimvimbisha kichwa hadi kofia ikawa haimtoshi. Nyumbani pia alikwenda kwa vipimo: kofi kwa kosa dogo, mkanda kwa kosa la wastani, na teke aliliweka akiba. Teke lilikuwa limetoka akibani mara moja tu, miaka miwili nyuma, siku mkewe alipoangusha kijiwe cha gramu mia mbili kikapata kovu. Mwanamke alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilitoka siku ileile. Kofi lililotangulia teke hilo lilimpasua sikio la kushoto, na tangu hapo upande huo hakusikia kitu ila mluzi mwembamba usiokoma.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwaka wa tisa sasa, na wenzake kazini walimwita Mama Pasi. Walisema Mama kwa mapenzi tu. Hawakujua jinsi neno lile lilivyomchoma kila asubuhi akifika kazini.

Sasa alikuwa na mimba nyingine. Ilikuwa imetimiza miezi miwili wakati tangi linaingia nyumbani, na aliyejua ni dada yake mkubwa peke yake, anayeishi mji wa mbali. "Njoo," dada alimwambia kwenye simu. "Usilete sufuria, usilete shuka. Lete hilo tumbo, vingine tutatafuta huku." Mara moja kila miezi mitatu Gramu alikwenda kukagua mizani ya magunia kwenye kinu cha mbali, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Safari ijayo ilikuwa Jumamosi, wiki tisa mbele. Mama Pasi akaficha kibegi chake kazini, chini ya meza ya pasi, akaanza kuvaa nguo pana. Hesabu yake ilikuwa moja tu: afike Jumamosi ile tumbo likiwa bado na mtu ndani.

Gramu naye alikuwa na hesabu zake. Alikuwa ameliona tangi la maji ya chumvi ofisini kwa mteja, lenye matumbawe ya rangi na samaki wanaozunguka humo, akarudi nyumbani macho yanang'aa. La kwake lilikuwa dogo, la lita sitini. Aliliweka juu ya meza ya chuma sebuleni, akaweka pima maji pande zote nne, na mguu mmoja ulipoonekana uko chini kwa unene wa kucha akauchomekea kipande cha kadi. Alipima chumvi kwenye mizani yake ndogo, gramu thelathini na tano kwa kila lita, akakoroga kwa kijiti cha plastiki, akapima utamu na ukali wa maji yale kwa kimtambo kama mfamasia. Alikuwa mzuri kumtazama akifanya kazi, hilo mkewe asingelikana. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno.

Maji ya bomba hayakufaa. Yalitakiwa yaliyochujwa, na duka lenye maji hayo lilikuwa mtaa wa tatu, kwa hiyo ndoo za lita ishirini zilibebwa na Mama Pasi. Alijifunza kubeba nusu nusu, akienda mara mbili, na mume alipomuuliza kwa nini siku hizi amekuwa goigoi alisema mgongo. Alikula kofi la ugoigoi. Bora kofi, alijiambia, akaenda kuchota tena.

Sheria za nyumba zilibadilika. Madirisha yafungwe, kwa sababu majirani hupuliza dawa ya mbu na hewa ile ingeua tangi. Mlango urudishwe kwa viganja viwili, pole pole, mpaka kitasa kiingie bila mlio. Mtu asipike na kuacha mafuta yachome. Mtu asiguse kioo. Mtu akitoka kwa dobi anawe mikono mara tatu, maana sabuni ni sumu. Mama Pasi alijifunza kuufunga mlango ule kimya hata mwenyewe asiusikie, ingawa kwa sikio moja hiyo haikuwa kazi kubwa.

Wiki ya pili walikwenda pamoja kununua jiwe. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye plasta kwenye vidole vitatu, amezungukwa na matangi yanayobubujika, na wateja walimwita Mama Samaki. Alizamisha mkono akatoa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu, lenye matundu matundu na rangi ya zambarau. Upande mmoja ulikuwa na vitufe laini vya kahawia vilivyojifunga mara tu vilipoguswa na hewa.

"Hili liko hai," alisema. "Ndilo litakalosafisha maji yenu. Lakini mnisikilize vizuri. Msilisugue kwa mkono mtupu. Na nawaomba kama mama yenu, msije mkalichemsha."

"Nani anachemsha jiwe, mama?" Gramu akacheka, huku akitoa mizani yake ya mkononi begani.

"Wapo, mwanangu. Wanaona mdudu asiyewapendeza, wanalitia jiwe sufuriani. Unaviona hivi vitufe? Vina sumu. Ukivichemsha, sumu inapanda na mvuke. Mjomba wangu alifanya hivyo jikoni, madirisha yamefungwa. Tulilazwa nyumba nzima. Kasuku alikufa kwenye tundu lake, tena mwanzo kabisa. Na mjomba hadi leo akipanda ngazi tatu lazima akae."

Mama Pasi alikuwa amegeuza sikio la kulia, hakupoteza neno. Gramu alikuwa amening'iniza jiwe kwenye mizani, amekunja uso, macho yako kwenye mshale.

"Ulisema kilo nne na nusu," alisema. "Hii ni nne na gramu mia tatu."

"Limechuruzika maji, mwanangu."

"Nne na mia tatu," Gramu akarudia, akamtazama mkewe aone kama amesikia. Njiani hakuzungumza jambo lingine. Fundi mizani yule alikuwa hivyo siku zote: kitu kikishaning'inia kwenye ndoana yake, masikio yake yanafungwa.

Kisha zikaja wiki za kungoja. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Gramu alitumbukiza kipande cha kamba wa baharini kioze tangini, vizaliwe vijidudu vya kula uchafu, na kila asubuhi alitia matone ya dawa kwenye vichupa akitazama rangi. Kijani, bado. Kijani hafifu, bado. Hakukasirika hata siku moja. Tangi halitaki haraka, alikuwa akisema, maji yana wakati wake wa kuiva. Mwanamume aliyeshindwa kungoja chai ipoe alikingoja kipande cha kamba kioze, siku arobaini na mbili, kwa upole wa mkunga.

Samaki walikuja wawili, wadogo, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Aliwatia kwenye ndoo, akafunga mpira mwembamba kutoka tangini, akaacha maji yadondoke tone kwa tone kwa saa mbili nzima huku ameushika mpira kwa vidole. "Wasishtuke," alinong'ona. Dada yake Gramu alikuwa amekuja kuona, na aliposhuhudia hayo akamgeukia Mama Pasi machozi yanamlenga.

"Wifi, una bahati wewe. Mwanamume mwenye moyo laini hivi utampata wapi?"

"Ee, wifi," alisema Mama Pasi, akavuta mkono wa gauni ufunike kiwiko. "Bahati tu."

Siku ya tatu ndipo mlio ulipoanza. Mlio wa kitu kigumu, ta! Mmoja tu, asubuhi wakati wa chai, kama mtu amegonga kioo kwa kijiko. Gramu aliinuka akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amekaa mbali, mikono yote mezani. Kesho yake, ta! na ta! Konokono watatu waliowekwa wale ukungu wa kioo wakakutwa wamevunjwa vipande mchangani. Gramu aliokota vipande kwa koleo, akavipanga kwenye sahani, akavitazama muda mrefu.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Siku hiyo lilikuwa kofi. Siku ya tano samaki mmoja alikutwa amelala ubavu chini ya jiwe, ubavu wenyewe umepasuka. Gramu akaikamata mikono ya mkewe, akainusa kiganja kwa kiganja.

"Sabuni," alisema.

"Nimenawa mara tatu, baba. Mara tatu, naapa."

"Sabuni." Akaanza kufungua mkanda.

Mama Pasi alijua la kufanya. Alijikunja sakafuni, magoti kifuani, tumbo ndani kabisa ya kitu kile kilichobaki kuwa yeye, akautoa mgongo. Alihesabu kumi na moja. Kifungo cha mkanda kilimchana begani, na damu ikaingia kwapani ikiwa na joto. Hakulia, maana kilio pia ni mtikisiko. Ng'ambo ya uchochoro fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wao, akafanya kama alivyofanya miaka yote: akaongeza sauti ya redio. Mtangazaji alisoma hali ya hewa kwa kelele hadi mkanda ulipochoka.

Nne zimebaki, alijiambia akiwa bado chini. Siku nne tu hadi Jumamosi.

Mama Pasi alimwona mkosaji Jumatano. Gramu alikuwa kazini, naye alikuwa anafuta vumbi mbali na kioo kama sheria ilivyotaka. Kwenye tundu la jiwe kikatokeza kichwa cha kijani, chenye macho mawili juu ya vijiti, moja likitazama huku na lingine kule. Kamba, lakini si wa kula. Mbele ya kifua alikuwa amekunja mikono miwili, ngumi zimebana, kama bondia anayengoja kengele. Alikuwa amekuja ndani ya jiwe, amejificha huko wiki zote zile, mpole, akikua. Mama Pasi akamtazama, na lile jicho moja likamgeukia. Akacheka kidogo kwa pua. Kumbe huyu ndiye aliyemponza akala mikanda kumi na moja. Angemwambia mume? Angeulizwa kwa nini alikaribia kioo. Akanyamaza, na nitakuwa mwongo nikisema hakufurahia kunyamaza kule.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari, Gramu alikuwa anapanga kipande cha tumbawe juu ya jiwe kwa vidole vyake vyepesi. Ta! Akaruka nyuma akikamata mkono. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka katikati na damu ikitiririka hadi kwenye kiwiko. Alisimama ameduwaa, mdomo wazi. Tangu wamefahamiana, Mama Pasi hakuwahi kuona mtu amempiga mwanamume huyu, wala yeye mwenyewe, kwa sura ile, hakuwahi kuwazia kwamba kupigwa kunauma hivyo.

Kicheko kikamponyoka. Alikibana kwa kiganja lakini kilishatoka.

Gramu hakumpiga. Hilo lilimtisha kuliko kupigwa. Alifunga gumba kwa kitambaa, akamvua samaki aliyesalia kwa wavu, akamtia kwenye ndoo yenye maji ya tangi na kipampu cha betri, akaifunga ndoo kwa taulo isipoe, akaiweka sebuleni karibu na mlango. Kisha akalitoa jiwe. Bondia alikuwa amezama ndani kabisa, haonekani. Gramu akalitikisa, akalipiga kwa kiganja, akalichokoa kwa bisibisi. Wapi.

"Sawa," alisema. "Utatoka umeiva."

Akaenda jikoni na jiwe likichuruzika, akatoa sufuria kubwa ya harusi yao, akalitumbukiza, akajaza maji, akawasha gesi. Vitufe vya kahawia vilikuwa upande wa juu, vimejifunga.

Mama Pasi alisimama mlangoni pa jikoni. Angenyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu, na mimi wa mwisho. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Usilichemshe," alisema. "Mama Samaki alisema lina sumu. Inapanda na mvuke. Alisema watu walilazwa."

"Alisema lini?"

"Siku ile. Ulikuwa unapima."

Gramu akageuka taratibu. "Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyengoja wiki sita. Na wewe mpiga pasi, uliyekuwa unanicheka kwa huyu mdudu, ndiye unanifundisha jiwe?" Akamzaba la kulia, upande wa sikio zima, na kwa muda dunia yote ikawa mluzi. Aliposikia tena, alisikia amri: "Simama hapa. Mbele ya sufuria. Ukoroge, akitokeza umkandamize na mwiko. Hutoki hapa mpaka nione amegeuka rangi."

Maji yalianza kuunguruma. Uzi wa kwanza wa mvuke ukapanda, ukapinda kwenye dirisha lililofungwa, ukarudi chumbani. Mama Pasi alikuwa ameishi ndani ya mvuke miaka tisa. Alijua hauna adabu, hauombi njia, unaingia puani na kwenye nguo na kwenye ngozi. Akafikiria kasuku kwenye tundu lake. Akafikiria kingine, kidogo kuliko kasuku, kwenye tundu lake yeye.

"Sisimami," alisema.

Lilikuwa neno jipya katika nyumba ile. Hata Gramu alichelewa kulielewa.

"Umesema?"

"Sisimami hapo. Simama wewe."

Gramu akamshika shingo ya gauni akamkokota kuelekea jikoni, na kichwa cha mwanamke kikagonga mwimo wa mlango. Mkewe akamng'ata mkono. Alimng'ata kweli, mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, na Gramu akapiga ukelele akamsukuma hadi sebuleni. Hapo Mama Pasi akauona mguu wa kulia ukirudi nyuma. Alikuwa ameuota mguu ule kwa miaka miwili, aliujua unavyorudi kabla ya kuja. Akageuza nyonga. Teke likampata paja, likamlaza chini karibu na mlango, na mkono wake ukaangukia taulo.

Ndoo.

Aliikumbatia, akainuka nayo kwa magoti, akaiinamisha mpaka maji yakafika ukingoni. Samaki yule mdogo akawa anazunguka chini kwa hofu.

"Nipishe," alisema, akihema. "Nipishe, au namwaga."

Mngemwona Gramu. Mikono yake miwili ilipanda juu, vidole vimeachana, damu ya gumba imelowanisha kitambaa. Rangi ilimtoka usoni. Mwanamume aliyempasua mtu sikio bila kupepesa alikuwa anatetemeka kwa ajili ya samaki wa urefu wa kidole.

"Taratibu," alisema kwa sauti ndogo. "Taratibu, mke wangu. Usimtikise. Tafadhali."

Mke wangu. Tafadhali. Maneno hayo alikuwa ameyangoja tangu mimba ya kwanza, na haya yamekuja sasa, kwa ajili ya samaki. Moyo ulimuuma kuliko paja. Akarudi kinyumenyume, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka nje kwenye jua bila viatu. Akashuka ngazi mbili za kizingitini, akaiweka ndoo chini kwenye saruji, akajitenga nayo hatua nane au tisa.

Gramu akatokeza. Kushoto kwake kulikuwa na mke aliyekuwa akichechemea, ambaye angemdaka kwa hatua tano. Kulia kulikuwa na ndoo juani. Akamtazama mke, akaitazama ndoo. Kisha akapiga magoti mbele ya ndoo, akaikagua, akaikinga jua kwa mgongo wake.

"Zima jiko kwanza," Mama Pasi akamwambia. Sauti yake ilikuwa imechoka tu, haikuwa na chuki. "Fungua madirisha. Usirudi ndani na mvuke ule, utakuua. Nakwambia mara ya mwisho."

"Nyamaza," alisema Gramu bila kugeuka. "Unamshtua."

Akaibeba ndoo kwa mikono miwili, kifuani, kama wanavyobebwa watoto wachanga, akaingia nayo ndani. Alirudisha mlango kwa kisigino, polepole, mpaka kitasa kikaingia bila mlio. Kisha komeo likasikika, la kwanza na la pili. Alikuwa amemfungia mkewe nje ili akome.

Mama Pasi alivuka uchochoro hadi kwa fundi viatu, kwa sababu miguu ilikuwa mitupu na kituo cha mabasi kilikuwa mbali. Hangengoja Jumamosi. Akaketi kwenye benchi la wateja. Fundi viatu, mzee wa makamo mwenye misumari mdomoni, alimwona mwimo wa mlango ulivyomchana paji la uso, akaona mguu, akainamisha macho kwenye soli.

"Nipatie chochote cha kuvaa, kaka," alisema. "Vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua."

Fundi akampekulia lundo. Viatu vyekundu vilibana, vya kahawia vilikuwa vya mguu mmoja. Vya bluu vingetosha vikishonwa kanda, na fundi akaanza kuishona, akishukuru kupata kazi ya kutazama. Redio ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya chini. Mama Pasi aliweka kiganja juu ya tumbo, ndani ya mkunjo wa gauni, akasubiri. Hakuna maumivu. Paja linauma, kichwa kinauma, kule hakuna maumivu. Akasubiri tena, kwa muda wa kupiga pasi mashati matatu. Bado hakuna. Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa furaha iliyochanganyika na aibu mbele ya yule mzee.

Ng'ambo, vioo vya madirisha ya nyumba yake vilikuwa vimekuwa vyeupe kwa mvuke. Kikohozi kilianza. Kikavu mwanzoni, cha mtu aliyepaliwa. Kisha kirefu, cha kuvuta hewa isiyokuja. Kitu kikaanguka ndani, cha bati. Kiganja kikapiga kioo cha dirisha la jikoni, kikateleza kikaacha mstari, kikapiga tena. Sauti ikaita, ikakatika, ikaita.

Fundi viatu akaacha sindano katikati ya kanda. Akageuza shingo kuelekea nyumba ile, labda kwa mara ya kwanza tangu ajenge kibanda chake.

"Shemeji," alisema. "Gramu anakuita. Sauti yake si nzuri."

Mama Pasi alikuwa ameketi ubavu, nyumba iko kushoto kwake. Akavuta kiatu kutoka mkononi mwa fundi, akakata uzi kwa meno, akakivaa.

"Upande huo sisikii, kaka," alisema. "Sikio hili alilipasua mwenyewe. Wewe ulikuwepo."

Misumari mitatu ikamdondoka fundi mdomoni. "Sasa niende?"

Mama Pasi aliinuka, akajaribu mguu mmoja, akajaribu mwingine. Vilikuwa vinatosha.

"Ukienda, vunja dirisha kwanza, na ufunike pua," alisema. "Usipoenda, redio unayo."

Akashika njia ya kwa dobi kuchukua kibegi chake.